Istilahi za Tumbaku na Nikotini: Upungufu wa Neno 'Kuvuta'

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mfasiri wa hati za afya ni jinsi ya kuwataja vijana watumiao tumbaku na nikotini kwa njia zaidi ya moja. Tatizo halitokani na uhaba wa maneno katika Kiswahili, bali na mazoea ya kuyarundika mambo yote katika kitenzi kimoja, 'kuvuta'.

Tuchukue swali la hojaji: "Je, unavuta sigara?" Mwanafunzi wa miaka 14 anayebwia ugoro atajibu "hapana", naye atakuwa amesema kweli. Vivyo hivyo mwenzake awekaye kuberi mdomoni. Kosa si lao, ni la aliyelitunga au kulifasiri swali. Nikotini hujenga uraibu kwa njia yoyote iingiayo mwilini, na ubongo wa kijana bado unakua. Basi anayekosekana katika hesabu hukosekana pia katika mafunzo na tiba.

Vitenzi mahsusi tunavyo. Sigara, kiko na shisha huvutwa. Ugoro hunuswa au hubwiwa. Tumbaku ya majani hutafunwa. Hata shisha si ngeni kabisa kwetu: kamusi za zamani zaeleza kwamba kiko kilikuwa chombo cha maji, na moshi ulishuka humo kutoka bakuli liitwalo 'bora' kwa mrija uitwao 'digali'. Lakini kwa kuwa wengi leo wakisikia 'kiko' hufikiri kile kikavu, shisha na ibaki shisha.

Sigara ya kielektroniki hupasha moto majimaji yakawa mvuke. Hapana jani liungualo, kwa hiyo kusema 'moshi' si sahihi. Vifuko vya nikotini, viwekwavyo chini ya mdomo, havina jani la tumbaku kabisa. Ndiyo maana 'bidhaa za tumbaku' peke yake haitoshi. Yapasa kusema 'bidhaa za tumbaku na nikotini'.

Je, tuiteje hali ya kutumia bidhaa mbili au zaidi katika kipindi kimoja? 'Uvutaji mchanganyiko' haufai: unauacha nje ugoro, tena waweza kudhaniwa ni tumbaku iliyochanganywa na bangi. Sisi tunapendekeza 'matumizi mseto', kwa mfano wa 'kilimo mseto', ambamo mimea mbalimbali hustawi katika shamba moja bila kupoteza umbo lake.

Neno 'vijana' nalo lahitaji hadhari. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 ilimhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35, ilhali uchunguzi wa kimataifa wa tumbaku mashuleni, ulioanza 1999, hulenga wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Ni salama zaidi kuandika 'vijana balehe' na kutaja umri.

Kwa hiyo swali lingekuwa hivi: "Katika siku 30 zilizopita, umetumia zipi kati ya bidhaa hizi?" Kisha kila bidhaa itajwe kwa jina lake na kitenzi chake. Tunawaomba walimu na maofisa watuletee majina yatumiwayo na wanafunzi wenyewe, kwani orodha isiyo na majina hayo haitawafikia.