Asali pahali pa formoli?

Tufikiri juu ya mama mmoja wa Cimpunda, kule Kadutu, ambaye muganga amemupangusa kwenye mlango wa kizazi ili kutafuta alama za kansere. Seli zinapakwa juu ya kioo. Zikikauka mbele ya kutiwa dawa ya kuzishika, umbo lake linaharibika, na watu wa labo hawawezi tena kutenganisha seli nzima na seli gonjwa. Mama anaweza kurudi nyumbani na jibu lisilo la kweli.

Dawa hiyo ni alkoli ya asilimia 95. (Vijana, kanyanga haifikie pale!) Lakini kipande cha nyama ya mwili kinatiwa ndani ya formoli, ambayo Mjerumani Ferdinand Blum aliitambua kwa kazi hiyo mwaka 1893. Inafunga protini pamoja, nyama haiozi. Ubaya wake ni mvuke unaochoma macho na koo, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansere liliihesabu kati ya vitu vinavyoletea watu kansere. Wachimbaji wa Kamituga wanaochoma zebaki wanajua mambo ya namna hii. Tena formoli iko na harufu ya kukuonya, mvuke wa zebaki hauna.

Sasa asali inaingilia wapi? Mwaka 2006 watafiti waliandika kwamba asali iliyochanganywa na maji inaweza kushika nyama karibu sawa na formoli. Huko India, mwaka 2013, walilinganisha asali, maji ya sukari na sukari guru ya miwa; sukari guru ndiyo iliwapendeza zaidi. Kwa seli zilizopanguswa kinywani pia walijaribu asali ya asilimia 20 na kuiona nzuri. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya seli, na asali iko na ukali wa asidi, vijidudu havipati nafasi.

Lakini asali iliyotiwa maji mengi inaota ukungu, na asali ya soko moja si sawa na ya soko lingine. Kwa hiyo hakuna mgonjwa wa kuchanganya yake nyumbani. Labo inayotaka kujaribu ichukue vipande viwili vya mgonjwa mumoja, kimoja ndani ya formoli, kingine ndani ya asali, na muganga avisome kwa mikroskopi bila kuambiwa kipi ni kipi. Jibu la mgonjwa litoke kwenye kile cha formoli.