Mbenga, merkiri na somo la shuleni

Mwalimu anaandika kwenye tablo: chakula kizuri kwa mtoto ni sombe, maharagi, karanga, papai, samaki. Siku ingine anafundisha kwamba uchafu hautupwi mtoni. Ni masomo mazuri, na tangu masomo ya primeri yawe ya bure mwaka 2019, watoto wengi wa wachimbaji wanayasikia. Lakini kwa mtoto ambaye baba yake anaishi kwa dhahabu, masomo hayo mawili ni somo moja, na jina lake ni merkiri, yaani zebaki.

Wachimbaji, kazi yake munaijua. Inakamata dhahabu kwenye mchanga, halafu munaichoma, dhahabu inabaki. Merkiri yenyewe haipotei. Moshi wake unaingia kwa mapafu, ingine inarudi na mvua, ingine inashuka na maji ya kuoshea mchanga. Mto Lindi unapita Bafwasende, kwenye dhahabu, unakuja kuingia mto mkubwa karibu na Kisangani. Aruwimi unapita Banalia na kuingia pale Basoko. Ndani ya tope la mto, vidudu visivyoonekana vinageuza merkiri kuwa sumu kali zaidi, nayo inaingia kwa samaki. Samaki mdogo anabeba kidogo. Mbenga, ambaye maisha yake yote ni kula wenzake, anakusanya nyingi. Kuosha haiitoi, kupika haiitoi, kukausha kwa moshi pia hapana. Mama mwenye mimba akiila, inapita mpaka kwa mtoto tumboni na kugusa ubongo wake.

Wajapani waliona mbele yetu. Kule Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga uchafu wenye merkiri baharini. Paka walianza kutetemeka na kufa, kisha watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mapatano ya dunia juu ya merkiri, ya mwaka 2013, yanabeba jina la mji ule.

Sasa tuwakataze watoto samaki? Hapana! Hiyo itakuwa kuwaongezea njaa, sababu nyama ni bei. Mwalimu aseme wazi: samaki wadogo mara nyingi, mbenga na wakubwa wengine wanaokula samaki mara chache, zaidi kwa mama mwenye mimba.

Tena mwalimu peke yake hawezi. Mtoto anajifunza asubuhi, jioni anakuta baba anachoma dhahabu juu ya mbabula ya mama, ndani ya sufuria itakayopikiwa fufu. Sendika inaomba vitu viwili. Kwenye mikutano ya wazazi, mchimbaji aitwe kalasini kueleza kazi yake mwenyewe, bila kumpigia makelele. Na kila kundi linunue pamoja chombo kile kinachofungwa wakati wa kuchoma: merkiri inarudi ndani ya maji, munaitumia tena. Bei yake munaijua.