Vita Vilivyofumwa (Sehemu ya Pili): Mto Granicus Ukutani kwa Mfalme

Wiki iliyopita niliwaacha wasomaji mlangoni pa Gobelins, Paris. Ni pale kando ya mto Bièvre ambapo ukoo wa watia rangi wenye jina hilo ulianza kazi katika karne ya 15, na ambapo mwaka 1662 Colbert, waziri wa Louis wa 14, aliwakusanya wafumaji wa mfalme. Leo tuingie ndani tulitazame zulia lenyewe.

Naliita zulia la ukutani kwa kukosa neno bora. Halikanyagwi, na wala halikutariziwa. Mwenye kutarizi huanza na kitambaa kilicho tayari, akapitisha sindano juu yake. Hapa picha ndiyo kitambaa. Nyuzi za mtande zimefichwa zote chini ya mshindio wa rangi, na mshindio wenyewe haukati upana wote kama kwenye shuka: uzi mwekundu huenda mpaka joho la askari linapokoma, kisha hugeuka na kurudi. Ukizichomoa nyuzi hizo, askari hayupo tena. Pamebaki mtande mtupu.

Askari tunayemtafuta yuko katikati, juu ya farasi, kofia yake ya chuma ina manyoya marefu. Ni Alexander wa Makedonia, mwaka 334 KK, anauvuka mto Granicus kuingia himaya ya Waajemi. (Huyu ndiye ambaye baadhi ya wafasiri wamemtaja kuwa Dhulqarnaini wa Sura ya Al-Kahf. Wengine wamelikataa jambo hilo kwa nguvu, nami sina ubavu wa kuwaamua.) Jua lilikuwa linashuka. Parmenion, jemadari mzee, alishauri wangoje asubuhi, kwa kuwa ng'ambo ya pili palikuwa na kingo za mwinuko na wapanda farasi wa adui wamejipanga juu yake. Alexander hakungoja. Manyoya yale meupe yalimtambulisha kwa kila Mwajemi aliyemtaka, na wawili wakamfikia kwa pamoja, Rhoesaces na Spithridates. Plutarch anasimulia kwamba pigo la shoka lilikata unyoya mmoja na kupasua kofia mpaka likagusa nywele. Shoka lilipoinuliwa mara ya pili, Cleitus, ofisa wa Alexander aliyeitwa Mweusi, alikuwa ameshafika.

Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa mfalme na msimamizi wa Gobelins, alilichagua tukio hilo la kufumba na kufumbua. Mchoro wake wa rangi uko Louvre mpaka leo: zaidi ya mita 12 kwa upana, na kimo karibu mita 5. Hakuna kitanda cha mfumi kilichoweza kuumeza mzima, kwa hiyo vita vyote vitatu vya mfululizo huu, Granicus, Arbela na kile cha mfalme Porus wa India, vilikatwa mbavu zake na kufumwa vipande vya pembeni. Ndiyo maana habari tano za Alexander zikawa mazulia 11.

Pigo la sekunde moja lilichukua miaka kufumwa. Kwenye kitanda cha mfumi cha kusimama, wafumaji walikaa bega kwa bega upande wa nyuma wa kazi, na aliyetaka kuona uso aliousuka ilimbidi ainuke azunguke mbele. Malipo yalifuata ugumu: aliyefuma nyuso na ngozi za watu alipata zaidi kuliko aliyefuma majani. Kwenye kitanda cha mfumi cha kulala, ambacho mtande wake umelazwa kama meza, mchoro hukaa chini ya nyuzi na picha hutoka kinyume. Msipougeuza mchoro kwanza, mtapata jeshi zima la watu wa mkono wa kushoto.

Sasa, mfalme wa Ufaransa alitaka nini kwa Mmakedonia aliyekufa karibu miaka 2,000 kabla yake? Alitaka uso wa kuazima. Louis alikuwa kijana, hana ushindi mkubwa wa kujivunia, na kila mgeni wa kasri aliyesimama mbele ya Alexander alijua ni nani anayesifiwa. Hilo limeandikwa mara nyingi. Mimi hushangazwa zaidi na uchaguzi wa mahali: mfalme anaonyeshwa hatua moja kutoka kifo, maisha yake yamo mikononi mwa mtu mwingine. Mwaka 1672 Louis alipata mto wake, Rhine, jeshi lake lilipovuka kuingia Uholanzi. Yeye alitazama akiwa ukingoni. Washairi wake walimsifu vivyo hivyo. Wakati huo Gobelins ilikuwa tayari inafuma habari za Louis mwenyewe; sura ya kuazima ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Thamani ya vitu hivi ilikuwa hatari kwao pia. Zari iliyofumwa ndani, yaani utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye uzi wa hariri, iliyaponza mazulia mengi ya hazina ya kifalme: mwaka 1797 serikali iliyokaukiwa na fedha iliyatia moto ili ikusanye madini kwenye majivu. Yaliyopona yananyauka polepole. Kijani cha zamani kilipatikana kwa kutia njano na buluu pamoja, na njano ndiyo hutangulia kufa, kwa hiyo katika mazulia mengi ya karne ile nyasi zimekuwa za buluu.

Turudi kwa Cleitus. Dada yake, Lanice, ndiye aliyemnyonyesha Alexander. Kwa hesabu yetu ya pwani ni mjomba wake wa kunyonya. Miaka sita baada ya Granicus, katika karamu huko Maracanda, Samarkand ya leo, wote wawili wamelewa, Cleitus alimkumbusha mfalme ni nani aliyemwokoa siku ile mtoni. Alexander akamnyang'anya mlinzi mkuki, akamchoma nao, akafa papo hapo.

Le Brun hakuichora karamu hiyo. Wiki ijayo: Porus na tembo wa Hydaspes.