Barafu Imepungua, Hatari Haikupungua

Katika mwaka wa 1845 nahodha Mwingereza, Sir John Franklin, alitweka na merikebu mbili, Erebus na Terror, kwenda kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini ya Kanada hata Bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Septemba 1846 barafu ilizikamata karibu na Kisiwa cha King William, wala haikuziachilia. Watu 129 walipotea. Merikebu zenyewe zilionekana chini ya maji mwaka 2014 na 2016. Roald Amundsen, Mnorwe, ndiye aliyepita kwanza kwa chombo, naye safari yake ilichukua tangu 1903 hata 1906.

Siku hizi dunia imezidi joto, na barafu ya huko wakati wa kiangazi imepungua sana. Mwaka 2007 picha za setilaiti zilionyesha njia iko wazi, na wengi wakadhani kwamba taabu imekwisha. Sivyo.

Yafaa kujua kwamba barafu ya bahari ni ya namna mbili. Iliyoganda mwaka huu ni changa. Ina chumvi ndani yake, nayo ni laini kidogo, hata merikebu iliyoundwa kwa kazi hiyo huipasua. Lakini barafu iliyopita kiangazi bila kuyeyuka huchuruzika chumvi yake, ikawa ngumu ajabu, na unene wake waweza kupita meta 3. Hiyo ndiyo adui wa mabaharia.

Zamani barafu changa iliziba milango ya bahari kati ya visiwa, na ile kongwe ya kaskazini ikazuiliwa nyuma yake. Sasa milango hufunguka mapema, na barafu kongwe hushuka kwa upepo na mkondo, ikajazana katika njia. Wataalamu waliochungua miaka ya 2007 hata 2021 waliona kwamba katika sehemu kadhaa siku za kupita salama zimepungua badala ya kuzidi. Tena vipande vyake huelea vikiwa karibu vyote majini, hata rada huweza kukosa kuviona.

Jambo hili si la mabaharia peke yao. Vijiji vya Wainuit katika Nunavut havina barabara ya kutoka nje. Mafuta, mbao na vyakula vingi huletwa na merikebu katika miezi michache ya kiangazi. Merikebu isipofika, vitu hubebwa kwa ndege, na bei yake ni nyingine kabisa.