Kadogo ya Sh20 inavyokula kodi yako

Hebu nikuulize, na usinidanganye: mwezi uliopita uliingiza ngapi, na zilienda wapi? Kama jibu la swali la pili ni "sijui, ziliisha tu", vuta kiti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya uchumi wala ya kitu kingine chochote. Nilichonacho ni stori ya kufuli.

Februari nilitoka kibaruani saa tatu usiku nikapata bedsita yangu huku Pipeline imefungwa kwa kufuli lisilo langu. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja likizo fupi ya katikati ya muhula, ameketi kwenye ngazi, begi la shule mapajani. Si kwamba sikuwa nimelipa kodi. Nilikuwa nimelipa, zikabaki Sh1,200. Mtunza ploti hakutaka kusikia. "Kijana, kila siku nakuona ukibeba karatasi kutoka dukani," akaniambia. Jirani wa ghorofa ya nne, mama wa watoto wawili, ndiye aliyenikopesha tukafunguliwa.

Usiku huo sikulala. Nilibonyeza *334#, nikaitisha taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima na kuisoma mstari kwa mstari. Nilikuwa nimetoa pesa kwa wakala mara 17. Mia mbili leo, mia tatu kesho. Sasa sikiza hesabu: kwa ada zilizoanza Julai 2023, kutoa kiasi chochote kati ya Sh101 na Sh2,500 kwa wakala ni Sh29. Ukitoa mia mbili mara tano, umekatwa Sh145. Ukitoa elfu moja mara moja, Sh29. Mara 17 zangu zilikuwa Sh493. Nikaongeza ada za mkopo wa simu niliokuwa nikiuchukua kila Alhamisi nikingoja malipo ya Jumamosi: Sh612. Jumla Sh1,105.

Yaani ile pesa iliyomweka mdogo wangu kwenye ngazi nilikuwa nayo, karibu yote. Niliimwaga kidogo kidogo bila kula chochote.

Siku hizi nikilipa mama mboga ninatumia nambari ya tili, maana hapo mteja hakatwi. Kutuma hadi Sh100 pia ni bure. Keshi ninatoa mara moja kwa wiki.

Lakini kilichonishtua zaidi ni mafuta. Unajua mafuta ya kupima, yale ya Sh20 unayowekewa kwenye karatasi ya nailoni? Nilichukua chupa ya soda ya nusu lita, kila jioni nikanunua kadogo yangu na kuimimina humo kabla ya kupika, nikiweka alama kwa kalamu. Chupa ilijaa kwa kadogo 11. Hiyo ni Sh220 kwa nusu lita, Sh440 kwa lita. Supamaketi iliyo stejini, lita moja ilikuwa Sh330. Angalia sabuni ya unga, angalia majani chai, angalia bando za siku moja. Anayenunua kidogo ndiye anayelipa bei ghali.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa video za "weka akiba asilimia 20" na "acha kahawa ya Sh300". Kahawa gani, jamani? Msee hanunui kadogo kwa sababu hajui hesabu. Ananunua kadogo kwa sababu leo ana mia moja na hamsini, na watu wanataka kula leo. Shida si nidhamu. Shida ni kupata ile Sh330 ya kwanza kwa wakati mmoja.

Mimi niliipata kwa kujiunga na wengine. Yule jirani aliyenikopesha, mimi, na kijana mmoja wa bodaboda wa ghorofa ya pili, tulianza kutoa Sh50 kila mmoja, kila Jumapili. Wiki ya tatu tulikuwa na Sh450. Tulianza na mafuta: lita moja yangu. Zamu iliyofuata ikawa maharagwe, gorogoro mbili, tukagawana. Tulipotamani kwenda Marikiti alfajiri kununua viazi na vitunguu, tulipiga hesabu ya nauli tukaona ukienda peke yako nauli inameza faida yote. Kwa hivyo anaenda mmoja, na nauli tunachanga.

Nikuonye kitu. Lita ikikaa jikoni, mkono unakuwa mzito. Mafuta ya kwanza yaliisha kwa siku 12. Tulikuwa tukikaanga hata tusichohitaji kukaanga. Sasa namimina ya wiki kwenye ile chupa ya soda, chombo kikubwa kinakaa chini ya kitanda. Na maharagwe yaloweke usiku kucha, gesi itakushukuru.

Stima: tangu Aprili 2023, anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 30 kwa mwezi analipa bei ya kundi la chini kabisa. Lakini kama ploti yenu inatumia mita ndogo za landilodi, bei anapanga yeye, basi muulize kabla ya kuhamia, si baada.

Sijatajirika. Sukari bado nanunua robo, na Alhamisi moja mwezi uliopita nilirudia mkopo wa simu, wa mia tatu. Deni la jirani nilimaliza Mei, kwa awamu nne. Mdogo wangu anafunga shule Ijumaa hii. Ameuliza kama aje na blanketi au atapata la hapa. Nimemwambia aje na begi tu, na nimemkatia ufunguo wake.