Abiria Aliyecheleweshwa Barani Ulaya Ana Haki Yake

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba anayepanda ndege amekwisha kujikabidhi mikononi mwa wenye ndege. Wakimwambia angoje, hungoja. Wakimwambia safari haipo tena, hubeba mzigo wake akatafute pa kulala. Yamkini tumeitoa dhana hii katika vituo vyetu vya matatu, ambako abiria hulipa kwanza na kuuliza baadaye. Barani Ulaya mambo hayako hivyo kisheria, na inafaa mhadhiri anayekwenda kwenye kongamano la Kiswahili kule Bayreuth, Ujerumani, au mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Uholanzi, alijue jambo hili kabla hajafunga sanduku lake.

Sheria yenyewe ni Kanuni nambari 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 17, 2005. Kabla yake palikuwapo kanuni ya mwaka 1991, lakini hiyo iliwajali tu abiria walionyimwa viti kwa sababu shirika lilikuwa limeuza tiketi kupita kiasi. Kanuni ya sasa inamgusa pia aliyefutiwa safari bila ya kujulishwa angalau majuma mawili mbele. Fidia ni yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, yuro 400 kwa safari za wastani, na yuro 600 kwa safari ya kutoka au kwenda nje ya Umoja inayozidi kilomita 3,500. Kutoka Amsterdam hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 6,000, basi msomaji atajua yeye yumo katika fungu gani.

Hekima ya kanuni hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haimtaki abiria athibitishe hasara aliyoipata. Aliyekosa mkutano wa maana na aliyekuwa akienda kumtembelea shangazi yake hulipwa sawasawa, na bei ya tiketi haiulizwi. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa upande wa shirika: kama linadai kwamba halikuwa na budi, na lionyeshe. Hivyo mnyonge anaepushwa na kazi ya kubishana na mawakili kuhusu thamani ya siku yake moja.

Hata hivyo, kanuni hiyo ilikuwa na pengo. Maandishi yake hayakusema wazi kwamba aliyecheleweshwa tu, pasipo safari kufutwa, alipwe fedha. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya familia iliyosafiri na shirika la Condor kutoka Toronto hadi Frankfurt, ikafika ikiwa imechelewa kwa takriban saa 25. Mahakama ilisema kwamba anayefika saa 3 au zaidi baada ya wakati uliopangwa amepoteza sawa na aliyefutiwa safari, naye alipwe. Katika safari ndefu, aliyechelewa chini ya saa 4 anaweza kukatiwa fidia hiyo nusu.

Likazuka swali ambalo walimu wa lugha watalifurahia: ndege “hufika” lini? Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2014, ndege ya Germanwings kutoka Salzburg iligusa ardhi ya uwanja wa Köln/Bonn ikiwa imechelewa kwa saa 2 na dakika 58. Ilipofika mahali pa kuegeshwa, ilikuwa saa 3 na dakika 3, na milango ikafunguliwa muda mfupi baadaye. Shirika lilishikilia kwamba magurudumu yakigusa ardhi, safari imekwisha. Mahakama ilikataa, ikasema kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kutoka, kwani kabla ya hapo bado amefungiwa ndani, hawezi kushughulikia mambo yake kwa uhuru. Fidia ilitegemea maana ya kitenzi kimoja.

Mashirika nayo yana ngao yao. Hayalipi ikiwa chanzo ni hali zisizo za kawaida ambazo yasingaliweza kuziepuka, mathalan hali mbaya ya hewa au mgomo wa waelekezaji wa ndege. Ngao hii aghalabu huinuliwa hata pasipostahili. Mwaka 2008, katika kesi iliyomhusu abiria wa Alitalia, mahakama ilisema kuwa hitilafu ya mitambo kwa kawaida si hali ya namna hiyo, kwa sababu kutunza mitambo ni kazi ya kila siku ya shirika. Na hata ngao hiyo inapokubaliwa, wajibu wa kumhudumia abiria haufi: chakula, hoteli kama inabidi alale, na simu mbili (kanuni inataja hata teleksi, chombo ambacho wanafunzi wetu watalazimika kuulizia kwa wazee). Wakati jivu la volkano ya Iceland lilipofunga anga mwaka 2010, wajibu huo ulibaki, na mahakama ililithibitisha jambo hilo mwaka 2013.

Mkenya azingatie jambo moja. Akiondoka katika uwanja wowote wa Umoja, analindwa hata akiwa ndani ya ndege ya Kenya Airways. Akitoka Nairobi kwenda huko, analindwa ikiwa tu anasafirishwa na shirika la Umoja, kama vile KLM au Air France. Uingereza ilipojitoa katika Umoja ilibakiza kanuni inayofanana na hiyo, ila malipo yake ni ya pauni.

Kudai si kazi ngumu. Abiria ahifadhi tiketi na kadi ya kupandia ndege, aulize sababu ya kuchelewa, kisha aliandikie shirika mwenyewe. Wapo mawakala wanaojitolea kudai kwa niaba yake na kubakia na sehemu nzuri ya fedha. Sioni kwa nini mtu anayejua kuandika barua rasmi aanze kwao. Ajihadhari pia na vocha: kanuni inataka malipo ya fedha, na vocha hutolewa tu ikiwa abiria mwenyewe ametia sahihi kukubali.

Mnamo Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi wa Umoja huo walikubaliana kupendekeza saa ziongezwe, ziwe 4 kwa safari fupi na 6 kwa ndefu, na fidia iwe yuro 300 na 500. Watetezi wa pendekezo hilo husema muda huo utayawezesha mashirika kuleta ndege nyingine badala ya kufuta safari. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini gharama yake inabebwa na abiria peke yake. Kwa anayerudi Nairobi, maana yake ni kwamba saa 5 za kukaa katika kiti cha chuma, ambazo kwa kanuni ya 2004 zilikuwa na thamani ya yuro 600, zingekuwa bure.