Hamisi na Khamis ni mmoja, Otieno na Atieno ni wawili

Baba Dogo, wadi ya eneo bunge la Ruaraka jijini Nairobi, ni mtaa wa viwanda na nyumba za kupanga. Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, Msomali na sisi watu wa Pwani tunapakana mlango kwa mlango. Chukua mfano wa kampuni ya mikopo midogo yenye wateja katika mtaa kama huo. Karani wa leo anaandika Hamisi, wa kesho anaandika Khamis. Baada ya miaka michache mtu mmoja amekuwa wateja wawili kwenye kompyuta, na pengine watu wawili wamekuwa mmoja.

Kompyuta haimjui mtu kwa sura. Inafuata kanuni iliyopewa ya kulinganisha rekodi, na kanuni hiyo ndiyo inayoamua nani ni nani.

Kanuni rahisi kabisa hudai kila herufi ifanane. Haiwachanganyi watu ovyo, lakini kosa dogo la karani linaipita. Hamisi na Khamis wataonekana wawili, na aliyelipa deni kwa jina moja atazidi kudaiwa kwa jina la pili.

Kanuni ya pili husikiliza sauti. Mbinu maarufu ni Soundex, ambayo Robert Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918. Huacha herufi ya kwanza ilivyo, na konsonanti zinazofuata huzigeuza kuwa tarakimu. Mohamed na Muhammad wote hupata M530, na hapo imefaulu. Lakini Hamisi hupata H520 na Khamis K520, kwa hivyo haiwaoni kuwa mmoja. Omari na Umar nao hutenganishwa vivyo hivyo. Mbinu hii haikutungwa kwa ajili ya majina yetu.

Kanuni ya tatu huhesabu herufi za kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili jina moja liwe jingine. Msingi wake uliwekwa na Vladimir Levenshtein wa Urusi mwaka 1965. Kutoka Hamisi hadi Khamis ni hatua mbili: ongeza K mwanzoni, ondoa i mwishoni. Basi meneja akiamuru kwamba majina yaliyopishana kwa hatua mbili au chini yahesabiwe moja, Hamisi wetu amepona. Lakini kutoka Otieno hadi Atieno ni hatua moja tu, nao ni mvulana na msichana waliozaliwa usiku, pengine wa baba mmoja na ploti moja. Wanjiku na Wanjiru pia wamepishana kwa herufi moja. Kanuni inayomwokoa Mpwani inamtwisha dada deni la kakake.

Ndiyo maana wataalamu hawategemei jina peke yake. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, nchini Kanada, walieleza namna ya kupima kila kipengele kwa uzito wake. Watu wawili kuitwa Otieno mtaani Baba Dogo si ajabu, basi uzito wake ni mdogo. Nambari ya kitambulisho ikilingana, uzito ni mkubwa. Tarehe 1 Januari ni dhaifu, kwa kuwa wengi wasiojua siku waliyozaliwa huandikiwa hiyo. Nambari ya simu nayo ina hila, kwani laini iliyoachwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Jumla ikiwa kubwa, rekodi huunganishwa. Ikiwa ndogo, huachwa. Zilizo katikati hukabidhiwa binadamu azikague.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa ili kupunguza gharama, na madhara yake tumeyaona nchini. Maelfu ya Wakenya wa Kaskazini Mashariki walijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi, wengine wakiwa watoto, ili familia zipate chakula wakati wa ukame. Walipoomba kitambulisho, alama za vidole zililingana na zile za rejista ya wakimbizi, wakanyimwa kwa miaka. Mashine haikukosea kuhusu vidole. Kilichokosewa ni kuichukua ishara ya kufanana kama hukumu ya uraia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa za uongo au za kupotosha. Kifungu cha 35 kinakukinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukidaiwa deni usilolijua, usiishie kusema si langu. Uliza rekodi yako imeunganishwa na ya nani, na kwa kigezo gani: jina, simu au kitambulisho? Wakikataa kurekebisha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nanyi wenye biashara, kabla ya kuunganisha wateja wenu, ijaribuni kanuni hiyo kwa Otieno na Atieno.